Mafuta ya Nazi, Pangaboi na Mawimbi ya Ubongo

Jumatatu, 2 Februari

Bibi alimleta mjukuu wake mapema, kabla chumba cha kipimo cha mawimbi ya ubongo (EEG) hakijafunguliwa. Mtoto amevaa sare iliyopigwa pasi, na kichwa kimepakwa mafuta ya nazi hadi kinang'aa. Nesi akamwamkia, kisha akamweleza kwamba mafuta itabidi yatolewe. Bibi akasema, "Marahaba, mwanangu. Mimi nimeambiwa aje msafi, nikamsafisha."

Elektrodi zinashikizwa kichwani kwa jeli yenye chumvi, na jeli haikai juu ya mafuta. Nesi akafuta kwa spiriti, akasugua. Mtoto akalia kidogo, akapewa maji, akanyamaza. Elektrodi nyingi zilikubali: ukinzani ulishuka chini ya kilo-omu 5, kiwango tunachokitaka. Ya O2, iliyo kisogoni upande wa kulia, haikukubali. Mtoto alikuwa ameshachoka, kwa hiyo rekodi ikaanza bila hiyo.

Faili limenifikia mchana. Kazi yangu inaanzia hapo. Napokea rekodi za watoto wenye kifafa na za watoto wasio nacho, naondoa yale ambayo hayakutoka kwenye ubongo, kisha nazikabidhi kwa wanaochambua. Mtoto wa leo kwetu anaitwa K07. Kipimo hiki kilianza na Hans Berger, daktari wa Jena nchini Ujerumani, aliyerekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na kuyatangaza mwaka 1929. Aliyaeleza mapema mawimbi ya alfa, yenye mizunguko 8 hadi 13 kwa sekunde, ambayo huonekana vizuri kisogoni mtu anapofumba macho. Kwenye O1 ya K07, iliyo kisogoni upande wa kushoto, yapo, mazuri kabisa. Kwenye O2 kuna mstari ulionyooka ambao kila baada ya muda unaruka na kurudi.

Nimeandika: O2 mbovu, mafuta. Sijafuta kitu.

Jumanne, 3 Februari

Mafaili yote ya wiki iliyopita yana hezi 50. Hili si jambo la ajabu. Umeme wa gridi yetu hubadilisha mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na mwili wa mtu aliyekaa karibu na nyaya huupokea bila kuguswa. Kwenye soketi kuna volti 230. Wimbi la ubongo likifika kwenye ngozi ya kichwa huwa na mikrovolti 50 hivi. Tofauti kati ya hivyo viwili ni zaidi ya mara milioni 4. Ni ajabu kubwa kwamba tunaliona wimbi hilo hata kidogo, na kila ninapolitazama kwenye kioo cha kompyuta nalistahi.

Kijana anayejifunza kazi kwetu alishayapitisha mafaili yote kwenye kichujio. Hezi 50 zilikuwa bado zimesimama pale pale. Tulipoitazama programu pamoja tukakuta kichujio kimewekwa kwenye 60. Mfano alioufuata uliandikwa Marekani, na umeme wa Marekani ni wa hezi 60. Tumebadilisha namba na kuanza upya kutoka kwenye mafaili halisi.

Jioni fundi umeme akaja. Akafungua soketi iliyo nyuma ya kitanda, akaniita: "Dada, hii haina ethi. Waya upo ukutani, lakini haujafungwa popote." Akaufunga. Pangaboi lililo juu ya kitanda nalo lilikuwa linachangia, na kiyoyozi kadhalika. Tumekubaliana vyote viwili vizimwe wakati wa kurekodi. Hezi 50 zimeshuka kwa kiasi kikubwa kabla ya kichujio chochote. Kufunga waya mmoja wa ethi kumetusaidia kuliko mistari yote ya programu tuliyoandika mwezi uliopita.

Jumatano, 4 Februari

Umeme umekatika katikati ya kipimo cha K09. Kikuza mawimbi kina betri, na kompyuta ni ya kupakata, kwa hiyo rekodi haikukatika. Kipande kilichorekodiwa gizani ndicho kisafi kuliko vyote tulivyonavyo mwaka huu.

Kisha jenereta ikawashwa. Jenereta ndogo haishiki hezi 50 sawasawa. Ikielemewa na mzigo inashuka, mzigo ukipungua inapanda. Kichujio chembamba kinachokata kwenye 50 kinaikosa ikiwa kwenye 48. Tumelazimika kukata juu ya hezi 40 kwa faili lile zima. Anayetafuta mawimbi ya haraka hawezi kulitumia. Nimeandika saa ambayo umeme ulikatika, na saa ambayo jenereta iliwaka.

Alhamisi, 5 Februari

Pangaboi limezimwa, kiyoyozi kimezimwa, na ni Februari pwani. Watoto wote wa leo wametoka jasho.

Jasho lina chumvi. Tezi za ngozi zinapofanya kazi hutoa umeme wao, na majimaji yakisambaa huunganisha elektrodi jirani zikawa kama moja. Kwenye rekodi huonekana mawimbi marefu, ya polepole, yanayochukua sekunde kadhaa kupanda na kushuka, hata chaneli moja, yaani mstari wa elektrodi moja, inavuka juu ya nyingine. Kichujio kinachoondoa kila kilicho chini ya hezi 0.5 hurudisha mistari mahali pake. Lakini hakiwezi kutenganisha elektrodi mbili ambazo jasho limeziunganisha. Hizo zimepotea.

Kijana alikuwa ameshakata rekodi vipande vya sekunde 2 kabla ya kuchuja. Wimbi la hezi 0.5 huchukua sekunde 2 kukamilisha mzunguko mmoja. Kichujio hakina pa kulishikia ndani ya kipande kama hicho, na kila kipande kikatoka na ncha zilizopinda. Ukizitazama ncha hizo bila kujua zilikotoka, utadhani ubongo wa mtoto umeshtuka kila baada ya sekunde 2, kwa utaratibu usio na kosa. Mpangilio ni kuchuja rekodi nzima kwanza, ndipo ukate. Tumelibandika hilo ukutani.

Kuhusu joto, tumeamua kiyoyozi kiwashwe nusu saa kabla ya mtoto kuingia, kisha kizimwe.

Ijumaa, 6 Februari

Hakuna mtoto aliyepangiwa leo, hivyo tumekipima chumba chenyewe. Kijana amenunua tikiti maji sokoni. Tumeliosha, tukalibandika elektrodi, tukarekodi dakika 10. Tikiti limetoa mawimbi. Fundi alipopita karibu yake mawimbi yakapanda. Mlango ulipofungwa kwa nguvu, yakaruka.

Jaribio la aina hii lina historia. Daktari Adrian Upton wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, aliwahi kuunganisha elektrodi na jeli ya chakula, ile inayotetemeka kwenye sahani, ndani ya chumba cha wagonjwa mahututi. Mashine ikachora mawimbi ambayo mtu angeyadhania ya ubongo. Yalikuwa yanatoka kwenye vifaa na harakati za chumbani. Alikuwa anafuatilia jambo zito: je, kipimo hiki peke yake kinatosha kuamua kwamba mtu amekufa? Mimi nina jambo dogo zaidi, lakini ni la ukoo huo huo. Kabla sijasema wimbi hili ni la mtoto, sharti nijue chumba kinatoa nini mtoto akiwa hayupo. Rekodi ya tikiti tumeihifadhi pamoja na za watoto, ikiwa na jina lake.

Mlinzi aliliomba tikiti mwisho wa siku. Halikuweza kuliwa, lilikuwa limepakwa jeli na spiriti.

Jumatatu, 9 Februari

K11 ni msichana wa miaka 10, mtiifu sana. Aliambiwa asipepese macho ovyo. Basi akakazana asipepese kabisa. Amekunja paji la uso, amekaza taya, na kila alipozidiwa akapepesa mara tano mfululizo. Nesi alimwonea huruma akampa pipi. Akaifyonza hadi mwisho wa rekodi.

Faili lake lina karibu kila kitu. Jicho lina chaji: upande wa mbele ni chanya ukilinganisha na wa nyuma, kwa hiyo kope likishuka elektrodi za paji la uso hupokea mruko wa mikrovolti 100 na zaidi, mkubwa kuliko mawimbi ya ubongo yaliyo chini yake. Misuli ya taya, iliyo moja kwa moja chini ya elektrodi za pembeni, hutoa kelele nene kuanzia hezi 20 kwenda juu. Ulimi nao una chaji yake; ukizungusha pipi mdomoni, mawimbi ya polepole hutokea mbele. Kwenye elektrodi iliyo karibu na sikio la kushoto, moyo unadunda.

Kwa rekodi kama hii tunatumia uchambuzi wa vijenzi huru. Mbinu hiyo huchukua chaneli zote kwa pamoja na kutafuta vyanzo ambavyo mwenendo wa kimoja hautabiri mwenendo wa kingine. Anthony Bell na Terrence Sejnowski walitangaza mwaka 1995 njia ya kukokotoa jambo hilo, na mwaka uliofuata Scott Makeig pamoja nao wakaitumia kwenye mawimbi ya ubongo. Kwa mtoto mwenye chaneli 19 unapata vijenzi 19 kwa wingi. Kope za K11 zimetoka kwenye kijenzi kimoja, safi, na ukikiondoa paji la uso linatulia. Moyo umetoka kwenye kingine. Taya imekataa, imejigawa kwenye vijenzi vitano, na ndani ya kila kimoja kuna kitu cha ubongo pia.

Nimeondoa viwili, nimeacha vitano, na dakika za pipi nimezitia alama kwamba zisitumike. Mtu anaweza kuondoa vyote saba na kupata picha nzuri zaidi. Angekuwa ametoa na mawimbi ya mtoto.

Pipi sasa hutolewa baada ya kipimo. Na watoto hawaambiwi tena wasipepese. Wanaambiwa walegeze mdomo, meno yasigusane, wakae wanavyopenda.

Jumanne, 10 Februari

Leo nitaandika kirefu.

K13 ni mtoto wa darasa la tatu. Mama yake alieleza kwamba shuleni anaadhibiwa kwa kuzubaa. Mwalimu akimwita haitikii, kisha baada ya muda mfupi anaendelea kuandika kama aliyekuwepo. Nyumbani wapo waliosema ni kiburi, wapo waliosema ni majini. Daktari alishuku aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki wala hatetemeki. Fahamu hukatika kwa sekunde chache, na kwenye kipimo huonekana mawimbi yenye ncha, kila ncha ikifuatiwa na wimbi pana, yakijirudia mara 3 kwa sekunde kichwa kizima. Hali hiyo mara nyingi huamshwa kwa kupumua haraka na kwa nguvu dakika 3. Nesi alimpa K13 kipande cha karatasi akipulize kisianguke. Katika dakika ya pili karatasi ilianguka. Mtoto alikuwa anatazama mbele, kimya. Nesi aliandika saa kwenye daftari. Kisha mtoto akauliza karatasi iko wapi.

Rekodi ilipitishwa kwenye programu inayosafisha yenyewe. Kijana aliniletea matokeo akiwa na furaha, kwani ndilo faili lililotoka bila doa. Nilifungua saa iliyoandikwa na nesi. Sekunde zile hazikuwepo. Programu ilikuwa imeagizwa kutupa kila kipande kinachozidi mikrovolti 100, na mawimbi ya kifafa ya mtoto yanapita hapo kwa mbali. Ya K13 yamepita 300. Hatua iliyofuata ilitafuta milipuko isiyofanana na sehemu tulivu za rekodi na kuilainisha. Kilichobaki ni mtoto mzima asiye na tatizo lolote.

Ni kama kuchagua mchele kwa kutupa kila punje iliyo kubwa, ukiamini kwamba ukubwa ndio dalili ya jiwe.

Hakuna aliyefanya uzembe. Viwango vile vimeandikwa kwa ajili ya watu wazima wenye afya, waliokaa vizuri, wanaotazama alama kwenye kioo. Kwao mikrovolti 100 karibu siku zote ni kope au mtikisiko. Kwa mtoto mwenye kifafa, kitu kikubwa kuliko vyote kwenye rekodi ndicho tulichomwitia hospitali. Programu haimjui mtoto. Haikuona karatasi ikianguka.

Faili halisi lilikuwepo, halijaguswa, kwa sababu hapa hakuna anayeruhusiwa kuandika juu ya faili halisi. Tumerudi kwalo. Tumechuja chini ya hezi 0.5 na kutoa kijenzi kimoja cha kope, basi. Yale mawimbi yamesimama wazi, 3 kwa sekunde, kwa sekunde 9. Daktari ameyaona leo hii. Mama ameelezwa kwamba mtoto wake anaumwa, kwamba dawa zipo, na kwamba barua itaandikwa kwenda kwa mwalimu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Nilimpiga mimi pia." Nesi akamshika mkono.

Ninalisema hili kwa uzito wote nilionao: asisafishe rekodi ya mgonjwa mtu ambaye hajasoma daftari la nesi.

Jumatano, 11 Februari

K07 amerudi, nywele zimeoshwa, bibi amekuja na kitambaa cha kumfunika asipakwe mafuta na mtu yeyote njiani. O2 imekubali. Kama asingerudi ningeweza kuikadiria chaneli hiyo kutoka kwa jirani zake. Hesabu yake ilitangazwa na François Perrin na wenzake mwaka 1989, nayo hufanya kazi vizuri kwenye kofia yenye elektrodi 64 au 128. Sisi tuna 19. Jirani wa O2 wako mbali naye, na kisogoni hakuna mwingine nyuma yake. Makadirio yangekuwa hadithi nzuri kuhusu mahali ambapo hatukupima.

Umeme umekatika mchana. Nimesoma tena makala ya Arnaud Delorme ya mwaka 2023, iliyochapishwa kwenye Scientific Reports. Delorme ni mmoja wa waliojenga EEGLAB, programu inayotumika duniani kote kwa kazi hii, aliyoitangaza na Makeig mwaka 2004. Alilinganisha hatua za kusafisha kiotomatiki na kukuta kwamba, ukiacha kuchuja mawimbi ya polepole na kushughulikia chaneli mbovu, nyingi hazikuyapa matokeo nguvu zaidi. Nyingine ziliyapunguzia. Nampongeza kwa dhati. Si kila aliyejenga chombo hukipima hivyo.

Lakini sitaki mtu aisome makala hiyo kama ruhusa ya kuacha uchafu. Mwaka 2007 Emma Whitham na wenzake huko Australia walirekodi watu waliokubali kulegezwa misuli yote kwa dawa, huku fahamu zao zikiwa timamu. Misuli ilipolala, sehemu kubwa ya kile kilichokuwa kinapimwa juu ya hezi 20 ilitoweka. Yako maandishi mengi yaliyosifia mawimbi ya haraka ya ubongo ambayo inawezekana yalikuwa ya taya na shingo. Kwa hiyo: mkono mwepesi, macho mazito.

Alhamisi, 12 Februari

K15 amekuja amesukwa twende kilioni jana usiku, kwa ajili ya harusi ya mama yake mdogo Jumamosi. Mama hakutaka zifumuliwe, na ninamwelewa. Msusi amelipwa, na mtoto alikaa chini kwa saa tatu. Lakini mistari imepita pale pale elektrodi zinapotakiwa kukaa. Tumebandika zilizowezekana, nazo ni 11. Faili halitoshi. Amepangiwa tarehe nyingine.

Kofia za elektrodi zinazouzwa zimebuniwa kwa nywele laini zilizolala. Kwa nywele zetu kofia huelea juu, jeli hujaa kwenye nywele, ngozi haiguswi. Rekodi mbaya hutupwa, na watu wenye nywele za kipilipili hutupwa pamoja nazo kwenye tafiti. Arnelle Etienne, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alilikabili jambo hilo: alibuni namna ya kusuka mistari inayoacha wazi vipimo vya kichwa, pamoja na vibanio vinavyoshikilia elektrodi kwenye mistari hiyo. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka 2020. Vipimo vyenyewe ni vile vya mfumo wa 10-20 ulioelezwa na Herbert Jasper mwaka 1958, unaogawa kichwa kwa asilimia 10 na 20 kutoka kwenye shina la pua hadi kwenye kifundo cha kisogo.

Nesi wetu anajua kusuka. Nimemwonyesha mchoro. Amesema, "Hii ni rahisi kuliko ya harusi." Tumekubaliana K15 akirudi asukwe hapa, bure, kwa mistari inayopita katikati ya vipimo. Ombi letu kwa wazazi tumeliandika mlangoni: nywele zioshwe kwa sabuni usiku wa kuamkia kipimo, zisipakwe chochote, zisisukwe kabla ya kutuuliza, na dawa za kifafa zisisimamishwe bila neno la daktari.

Ijumaa, 13 Februari

Panya ametafuna waya wa elektrodi ya T3. Waya haukukatika wote. Umebaki uzi mmoja, kwa hiyo mashine ilionyesha kwamba elektrodi ipo. Miruko yake inafika mikrovolti 10,000.

Kijana alikuwa ameshabadilisha rejea ya rekodi, yaani kile ambacho kila chaneli hulinganishwa nacho, kuwa wastani wa elektrodi zote kabla ya kuitoa T3. Mikrovolti 10,000 zikigawanywa kwa 19 ni zaidi ya 500, na 500 hizo zimeingia kwenye kila chaneli, hata zile zilizokuwa safi. Tumerudi kwenye faili halisi. Chaneli mbovu hutolewa kwanza, wastani baadaye. Nalo tumelibandika ukutani. Mtego wa panya umenunuliwa.

Jumatatu, 16 Februari

Nimekuta jina kamili la mtoto na namba ya simu ya mama yake ndani ya faili linalotakiwa kutumwa nje ya nchi. Muundo wa EDF, uliotangazwa mwaka 1992 ili mashine tofauti ziweze kusomana, una nafasi ya herufi 80 mwanzoni kwa ajili ya utambulisho wa mgonjwa. Nafasi ilikuwepo, ikajazwa. Kubadilisha jina la faili hakuifuti.

Nimekagua mafaili yote. Kwa kifafa hili si utaratibu wa makaratasi tu. Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norwei aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta wagonjwa waliotengwa, wengi wakiwa na makovu ya moto, kwa kuwa watu waliogopa kumgusa aliyeanguka wakiamini kwamba mate yake yanaambukiza. Kifafa hakiambukizwi kwa mate. Hofu hiyo bado ninaisikia kwenye benchi la kusubiria, na msichana ambaye jina lake limevuja anaweza kukosa mchumba miaka 10 baadaye. Utambulisho umeondolewa, orodha ya majina imefungiwa kabatini.

Kwenye rekodi ya K18, dakika ya sita, chaneli zote zimetikisika kwa sekunde 4. Nilidhani ni tukio la kifafa. Daftari la nesi limesema: "Baiskeli ya aiskrimu imepita, mtoto amegeuka." Nimeondoa sekunde 4.

Jumanne, 17 Februari

Nimekabidhi. Wachambuzi waliomba mafaili safi peke yake ili kupunguza mzigo wa kupakua. Nimewapa safi na halisi pamoja, na kwa kila mtoto ukurasa mmoja: kichujio gani, chaneli ipi ilitolewa na kwa nini, kijenzi kipi kiliondolewa, dakika zipi zisitumike, na nani aliamua. Kwa K13 nimeandika kwamba hakuna kipande kitakachotupwa kwa sababu ya ukubwa. Mmoja wao amepiga simu kuuliza kwa nini faili la tikiti limo. Nimemweleza, naye ameomba alitumie.

Nawe unayechambua rekodi hizi mahali popote, ukiletewa faili lililosafishwa bila orodha ya yaliyoondolewa, usilitumie. Lirudishe lilikotoka, uombe faili halisi na daftari la nesi.